Mzigo wa Mwenzako na Furushi Lake

Soma kwa Somo Hili: Wagalatia 6:1-5, Kutoka 17:8-13, Ayubu 2:11-13, Yohana 9:1-3, Isaya 49:14-16.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2.

Katika mafungu machache ya Wagalatia sura ya 6, mtume Paulo anasema mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyaona yanapingana. Fungu la 2 linawaagiza waumini kuchukuliana mizigo. Fungu la 5 linasema kila mtu atachukua wa kwake. Lakini katika Kigiriki maneno yaliyotumika ni mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu. La pili ni mzigo wa kawaida wa msafiri, ule anaopaswa kusafiri nao mwenyewe. Biblia ya Kiswahili inauita furushi.

Tofauti hiyo huonekana ndogo darasani. Katika nyumba ambamo mtu anapona jeraha kubwa la ubongo, huwa ni swali la kila asubuhi. Je, upendo ni kumfanyia kila jambo? Au ni kumwacha ajaribu, ingawa ataangusha kikombe? Na ni nani aliye na haki ya kuamua?

Jeraha lisiloonekana

Aliyevunjika mguu hutembea na gongo, na kila amwonaye humpisha. Aliyeumia ubongo, iwe kwa ajali ya bodaboda, kuanguka au kiharusi, anaweza kurudi kanisani amevaa suti yake, na dalili pekee ni kovu dogo kichwani. Washiriki humsifu Mungu na kusema amepona. Mke wake anajua habari nyingine. Nyumbani mumewe huuliza swali lile lile mara tano kabla ya chai. Kelele za watoto humtesa. Yeye aliyekuwa mpole hufoka kwa jambo dogo, kisha huona aibu na kunyamaza. Akisoma ukurasa mmoja wa lesoni, huchoka kama aliyelima kutwa.

Hayo si ukaidi. Ubongo ulioumia hutumia nguvu nyingi kwa kazi ambazo zamani zilikuwa nyepesi. Sehemu yake ya mbele ikiumia, uwezo wa kujizuia na kupanga mambo unaweza kudhoofika. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu haraka zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha maendeleo huwa ya polepole na yanaweza kuendelea kwa miaka. Wageni huja kwa wingi katika miezi ile ya haraka. Katika miaka ile ya polepole, ukumbi huwa mtupu.

Wanaobaki nao huweza kukosea kwa pande mbili. Wapo wanaomwita mvivu, au wanaonong'ona kwamba amerogwa au ana dhambi iliyofichika. Swali kama hilo wanafunzi walimwuliza Yesu katika Yohana 9, naye alilikataa. Wengine, kwa upendo wa kweli, humgeuza kuwa mtoto mchanga: humjibia anapoulizwa habari, humnyima simu, hupanga mambo ya nyumba yake bila kumwambia. Wale wa kwanza humwachia mzigo usiobebeka. Hawa wa pili humnyang'anya furushi lake.

Mtoto wa Portland

Waadventista wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwa kuwa limo katika historia ya nyumba moja wanayoijua sana. Ellen Harmon, ambaye baadaye alikuwa Ellen G. White, alikuwa na umri wa miaka tisa aliporushiwa jiwe na msichana mwenzake katika mji wa Portland, jimbo la Maine, Marekani. Jiwe lilimpiga usoni. Alilala bila kujitambua kwa muda wa wiki tatu hivi.

Katika kisa hicho waliomzunguka wanastahili kuangaliwa mmoja mmoja. Jirani mmoja mwema aliona mtoto hataishi, akataka kumnunulia vazi la maziko. Mama yake, Eunice, alisema bado. Baba yake, Robert, alikuwa safarini Georgia; aliporudi hakumtambua binti yake, jinsi sura yake ilivyokuwa imebadilika. Baadhi ya watoto waliokuwa wakicheza naye walimkwepa. Watu waliokuja kumtazama waliwahimiza wazazi wamshtaki baba wa yule msichana, lakini mama alichagua amani, maana kesi isingemrudishia mtoto afya yake.

Ellen alipojaribu kurudi shuleni, mkono ulitetemeka asiweze kuandika vizuri, na alipokaza macho kwenye kitabu herufi zilichanganyika na kichwa kikazunguka. Mwalimu alimpa yule yule aliyerusha jiwe kazi ya kumsaidia kuandika na kujifunza masomo mengine. Msichana huyo alionekana kujuta kwa kweli, na Ellen alijihadhari asimkumbushe kosa lake. Hata hivyo, hatimaye ilibidi aache shule.

Jirani aliyetaka kununua vazi la maziko hakuwa mbaya. Alikuwa tayari kutumia fedha yake. Lakini msaada wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kumhesabu mtoto miongoni mwa wafu. Kila familia inayomwuguza mtu aliyeumia ubongo huwafahamu wageni wa namna hiyo. Huleta sukari na sabuni, nao humsema mgonjwa mbele yake kwa maneno ya wakati uliopita: alikuwa mwimbaji mzuri, alikuwa mtu wa watu. Neno moja la mama, bado, lilimhifadhia mtoto nafasi yake miongoni mwa walio hai.

Shamba la Greenville

Miaka mingi baadaye, tarehe 16 Agosti 1865, mume wa Ellen, James White, alipatwa na kiharusi huko Battle Creek, Michigan. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu miezi michache tu kabla. Mkewe alimpeleka katika kituo cha matibabu cha Dansville, New York, wakakaa huko miezi mitatu hivi. Ushauri aliopewa James ulikuwa ni kupumzika kabisa na kuacha kila shughuli. Mwanzoni pumziko lilihitajika. Lakini kadiri muda ulivyopita, Ellen aliona mumewe anaanza kuogopa kufanya jambo lolote, na kwamba hofu hiyo sasa inamfunga kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwezi Desemba 1866, katika dhoruba ya theluji, alimchukua kwenda Wright, kaskazini, ingawa marafiki walidhani anamhatarisha mumewe na kujiangamiza mwenyewe. Huko, asubuhi moja, theluji ilikuwa nyingi na James alisema hawezi kutoka kutembea. Ellen alikuwa ameazima buti na kukanyaga njia katika theluji hiyo. Alimwonyesha mumewe kwamba anaweza kupita katika nyayo hizo. Naye akatoka.

Mwaka uliofuata walikuwa na shamba huko Greenville. Majani makavu ya mifugo yalikuwa tayari kukusanywa, na James alitegemea majirani waje kumfanyia kazi hiyo. Ellen aliwatangulia majirani, akawaomba wasije. James alihuzunika alipokosa msaada. Ndipo mkewe alipopendekeza waifanye kazi wenyewe: yeye na mwana wao Willie wakusanye majani, James apakie gari na kuliendesha. Majani yalipofika mahali pake, Ellen alipanda juu ya lundo kulipanga huku mumewe akimrushia. Mwaka 1869 James alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu.

Nani ana haki ya kukataa?

Kisa hicho ni cha hatari kikishikwa vibaya. Mtu anaweza kukichukua na kwenda kumwambia mgonjwa ajikaze, aache kudeka. Na wapo wagonjwa ambao wangeumizwa vibaya kwa kulazimishwa kazi. Tena, mtu mwenye dhamiri anaweza kuuliza: je, ilikuwa haki kuzungumza na majirani bila James kujua?

Swali hilo halifai kupuuzwa. Lakini aliyewakataza majirani alikuwa mke aliyemwuguza James tangu siku ya kwanza, ambaye kwa kumtazama kila siku alijua mkono wake unaweza nini na hauwezi nini. Zaidi ya yote, baada ya kukataa msaada kwa niaba yake, hakurudi nyumbani kukaa kivulini. Aliingia shambani. Aliyesema pita katika nyayo zangu alikuwa amekwisha kukanyaga theluji kwanza.

Hapo ndipo penye kipimo. Mtu anaweza kumwachia mgonjwa furushi lake ikiwa tu yeye mwenyewe amekwisha kuweka bega chini ya mzigo. Mjomba ajaye mara moja kwa mwaka hana haki ya kusema mnamdekeza. Mshiriki aliyetoa ombi moja Sabato kisha akasahau hana haki ya kusema ajitahidi. Haruni na Huri katika Kutoka 17 wanaonyesha njia. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, walimwekea jiwe la kukalia, wakasimama huku na huku kumtegemeza mpaka jua likachwa. Biblia haisemi kwamba walimwambia aende akalale wao wamalizie. Mikono iliyoinuliwa ilibaki kuwa ya Musa.

Furushi lisiporudi

Si kila James hurudi kazini. Wako ambao hawatakumbuka tena majina ya watoto wao, hata familia ifanye yote yapasayo. Basi upendo usijengwe juu ya matumaini ya matokeo. Aliyepona nusu si nusu mtu. Katika Isaya 49 Mungu anajilinganisha na mama na mtoto wake wa kunyonya, kisha anasema yeye anapita hata mama huyo kwa kutosahau. Utambulisho wa mtu haukuwekwa salama katika kumbukumbu yake mwenyewe, wala katika kumbukumbu ya jamaa zake. Umewekwa kwa Mungu, na siku ya ufufuo hakuna atakayeamka akiwa amejisahau.

Kwa mtu wa namna hii, furushi linaweza kuwa dogo sana: kuchagua shati la Sabato, kukunja nguo, kusema Amina mwisho wa maombi. Aachiwe hilo. Na mlezi wake naye ni mlemewa. Anaomboleza mtu aliye hai, huzuni ambayo haina matanga wala watu wa kuja kumpa pole. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye chini bila neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza sababu.

Kanisa la mahali haliwezi kutibu ubongo, lakini laweza kuweka zamu. Shemasi mmoja akae na mgonjwa saa mbili Jumanne ili mke aende sokoni au alale. Dorkasi waendelee kufika mwezi wa kumi na nne kama walivyofika wiki ya kwanza. Darasa lake la Shule ya Sabato lisome fungu moja polepole naye akiwapo, limwulize yeye mwenyewe swali, na lisubiri. Kimya cha nusu dakika darasani si hasara. Ndiyo nafasi anayohitaji ili alifikie jibu lake.

Maswali ya Kujadili

1. Soma Wagalatia 6:2 na 6:5. Fikirieni mtu mmoja anayeugua kwa muda mrefu mnayemfahamu. Kipi kwake ni mzigo, na kipi ni furushi? Je, yeye mwenyewe amewahi kuulizwa?

2. Ellen White aliwaomba majirani wasimsaidie mumewe, bila yeye kujua. Je, mlezi ana haki ya kufanya hivyo? Ni mambo gani yanayoweza kulifanya tendo kama hilo kuwa dhuluma badala ya upendo?

3. Yule msichana wa Portland alipewa kazi ya kumsaidia aliyemwumiza. Kanisa lifanyeje ikiwa aliyesababisha ajali na aliyeumia ni washiriki wa kanisa moja?

4. Ni mlezi yupi katika kanisa lenu ambaye hajapumzika kwa muda mrefu? Kabla ya darasa kufungwa, amueni ni nani atakayekwenda, na siku gani.