Hisa Yako Iko Upande Gani?

Kuna aina moja ya makala ambayo nimeiandika mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ni ile ya kumwambia mtu aliye Kanada kama anunue hisa fulani, aishikilie au aiuze. Mimi mwenyewe sijawahi kufika Kanada. Naishi Malili, kando ya barabara ya Mombasa, na chuo nilikiacha mwaka wa pili. Wakala fulani wa mtandaoni hunitumia mada, namrudishia maneno mia nane, halafu makala inatoka na jina la mtu mwingine. Kazi ni kazi, na kodi ya nyumba haiulizi jina la nani liko juu ya ukurasa.

Makala hizi zina kanuni zake. Unaanza na bei ya leo. Unailinganisha na faida ya kampuni, unaangalia deni, unataja mgao ambao wanahisa hulipwa, kisha unamalizia na neno moja kati ya matatu: nunua, shikilia, uza. Yule msomaji ni mtu wa kawaida tu, mwalimu au dereva, ana dola mia mbili zilizobaki baada ya mshahara na anataka zizae. Simlaumu. Lakini kuna swali ambalo makala hizi haziulizi kamwe, na kwangu limekuwa kama jiwe ndani ya kiatu. Mtu mwenye hisa kumi, ana wajibu wowote juu ya kile kampuni inachofanya? Ama hisa ni bei tu, inapanda na kushuka, na mengine hayamhusu?

Kwa Kiswahili, hisa ni fungu. Ni sehemu yako ya kitu mlichochanga. Hapa Ukambani, na sehemu nyingine nyingi za Kenya baada ya uhuru, watu walichanga pesa wakanunua mashamba makubwa kupitia kampuni, na kila mmoja akapewa cheti chake. Malili Ranch ilikuwa hivyo. Mwaka 2009 serikali ilinunua kwake ekari 5,000 za kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na Januari 2013 Rais Kibaki akaja kuuzindua ujenzi. Ukimwambia mzee wa hapa kwamba una hisa, hakuulizi imepanda asilimia ngapi. Anakuuliza, "Iko upande gani?" Upande wa barabara, wa mto, ama wa mawe? Kwake, hisa ni mahali. Unaweza kwenda kupakanyaga na kuona nani analisha mbuzi hapo.

Hisa za Toronto hazina upande. Unabonyeza simu ukiwa kitandani na tayari wewe ni mwenye mali. Ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba nazo ziko mahali.

Chukua Barrick, kampuni ya dhahabu yenye makao makuu Toronto. Dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia mnamo Oktoba 2025, kila mteja alitaka makala juu ya kampuni za dhahabu. Moja ya migodi ya Barrick ni North Mara, wilayani Tarime, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Migori. Kwa miaka mingi vijana wa vijiji vya pale wamekuwa wakiingia kwenye vifusi kutafuta mawe yaliyobaki na chembe za dhahabu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana na polisi wanaolinda mgodi. Mei 2011 polisi waliwapiga risasi watu pale na kuwaua watano. Wanakijiji kadhaa waliishtaki kampuni tanzu huko London, na mwaka 2015 kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Mwaka 2022 wengine wakafungua kesi Ontario, nyumbani kwa kampuni mama. Barrick ilikana, ikisema polisi ni wa serikali ya Tanzania na haiwaamrishi. Mwaka 2024 jaji aliamua kwamba mahali panapofaa kesi hiyo ni Tanzania, si Kanada.

Niliwahi kuweka sentensi mbili kuhusu North Mara katika rasimu moja. Mhariri akazifuta. Akaniandikia kwa upole kabisa kwamba msomaji wetu anataka kujua bei inaelekea wapi, na kama kesi haigusi bei, haina kazi kwenye makala. Nimefikiria jibu lile sana, kwa sababu si jibu la mtu mbaya. Ni jibu la mtu ambaye kwake hisa ni bei na basi.

Binamu yangu ni muuguzi Edmonton. Ana hisa chache za kampuni za dhahabu, na anajua ninachoandika. Siku moja akanipigia: "Niambie ukweli, nishikilie ama niuze?" Nikamsimulia habari za Tarime. Akanyamaza kidogo, kisha akaniletea hoja mbili ambazo nadhani kila mmoja wetu angezileta.

Ya kwanza: mimi ni mdogo mno. Hisa zangu hazifiki hata punje kwenye gunia. Hii ni kweli, lakini haithibitishi anachotaka ithibitishe. Kura yako moja pia haiamui uchaguzi, na bado hatusemi kwamba mpiga kura hahusiki na anayemchagua. Udogo unapunguza uzito wa wajibu, hauufuti. Isitoshe, ule mgao ukiingia kwenye akaunti, hakuna anayesema ni mdogo mno kuupokea. Ukikubali sehemu yako ya faida ni yako, huwezi kugeuka useme sehemu yako ya lawama haina mwenyewe.

Ya pili ni ngumu zaidi: nikiuza, si mtu mwingine atanunua? Na hapa binamu yangu ana haki. Hisa haiuzwi hewani. Kila anayeuza kuna anayenunua, na mgodi haujui kwamba wewe umeondoka. Historia inamuunga mkono, tena historia ya Kanada yenyewe. Mwaka 1998 Talisman Energy ya Calgary iliingia kwenye mradi wa mafuta Sudan, vita vikiwa vimepamba moto, na watu wakifukuzwa kutoka maeneo ya visima. Makanisa na wanaharakati waliwashinikiza wawekezaji, na baadhi yao wakauza. Bosi wa kampuni alifika mahali pa kusema kwamba wanahisa wamechoka kufuatilia mambo ya Sudan. Mwaka 2003 Talisman ilikamilisha kuuza fungu lake kwa ONGC Videsh, kampuni ya serikali ya India. Mafuta yaliendelea kutoka. Tofauti ni kwamba mwenye fungu sasa hakuwa na wanahisa wa Calgary wa kuulizwa maswali kanisani Jumapili.

Kwa hivyo kuuza si lazima kumsaidie mtu wa Tarime au wa Sudan. Mara nyingi kunakusaidia wewe ulale. Kunawa mikono ni usafi, sawa, lakini maji machafu yanamwagika kwa jirani.

Lakini soma hadithi ya Talisman tena. Kilichoitikisa kampuni kubwa kiasi kile ni kelele, wala si kuuza kimyakimya. Waliokuwa na hisa walisimama wakauliza, na waliouza walisema kwa nini wanauza. Mtu anayeuza bila kusema neno ameshusha bei kwa senti isiyoonekana, basi. Na anayeshikilia bila kuuliza naye amechagua, tena anachagua upya kila asubuhi ambayo hajauza. Shikilia linasikika kama neno la kupumzika kati ya yale mawili, kumbe nalo ni tendo.

Kabla hatujawaonea Wakanada, turudi nyumbani. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom kwa umma, shilingi 5 kwa hisa. Watu walipanga foleni, wengine wakachukua mikopo. Baba yangu alinunua. Ndani ya mwaka mmoja bei ilishuka chini ya shilingi 3, na akashikilia. Mwaka 2021 ikapita 40, akashikilia. Ikaanguka tena, bado anashikilia, nadhani sasa ni kwa mazoea kama mtu anavyotunza mbuzi mzee. Kila mwaka anapata mgao wake na anafurahi. Baba huyohuyo hawezi kusikia habari za kamari. Vijana wa boda boda pale steji wakimaliza pesa ya siku kwenye kubeti, anawahubiria. Lakini pesa ya kubeti hupita M-Pesa, na M-Pesa hutoza ada, na ada huingia kwenye faida, na faida ndiyo mgao. Nilipomwambia alicheka, kisha akanyamaza. Hakuuza. Mimi pia sikumwambia auze.

Hata aliyejiapiza kutogusa soko la hisa hajapona. Ukiwa na ajira na payslip, NSSF inakata pesa yako na kuiwekeza kwa niaba yako, na sehemu yake huenda kwenye hisa. Hakuna aliyekuuliza. Na kule Tarime, tangu mwaka 2020 serikali ya Tanzania ina asilimia 16 ya migodi ile kupitia kampuni ya Twiga. Kwa hesabu hiyo hata mwanakijiji aliyepoteza ndugu ana kachembe ka faida ya mgodi, apende asipende. Hakuna mahali safi pa kusimama ukiangalia tu.

Wengine hufika hapa wakasema: basi, kama sote tumechafuka, tuendelee na biashara. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa hakuna mahali safi, kazi yetu si kutafuta usafi. Kazi ni kujua uko wapi. Mtu mwenye hisa kumi hadaiwi kuufunga mgodi. Anadaiwa kujua kwamba mgodi upo, na uko kijiji gani. Akishajua, ana vitu vidogo mkononi: mwanahisa ana kura kwenye mkutano wa mwaka, na wengi wetu huitupa ile karatasi bila kuisoma. Anaweza kuandika barua na kuuliza. Asipojibiwa anaweza kuuza, lakini aseme kwa sauti anauza kwa nini. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, ila hata vidole viwili havivunji kama havijui chawa yuko wapi.

Hilo ndilo nililomwambia binamu yangu, na halikumpendeza, kwa sababu alikuwa anataka neno moja kati ya yale matatu. Ameshikilia, kwa sasa. Lakini mwaka huu fomu ya kura ilipomfikia aliipiga picha akanitumia, akauliza kila azimio lina maana gani. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, kwake usiku, kwangu asubuhi.

Makala za Kanada bado naziandika. Sentensi za North Mara nazo bado naziweka, mhariri naye bado anazifuta, na pengine siku moja atanifuta pamoja nazo. Mpaka hapo, kila mtu akiniuliza kuhusu hisa yake nitamuuliza lile la wazee wa hapa, kabla hatujafika kwenye bei: iko upande gani?