Nani Amtume Mchungaji?

Tarehe 29 Desemba 2003, gari la balozi wa Papa nchini Burundi lilishambuliwa kwa risasi karibu na Minago, kwenye barabara inayofuata ziwa Tanganyika kati ya Rumonge na Bujumbura. Askofu Mkuu Michael Courtney, mzaliwa wa Ireland, alifariki siku hiyohiyo. Kwa Wakatoliki hakuwa mwanadiplomasia tu. Balozi wa Papa ndiye anayekusanya majina ya mapadri wanaofaa kuwa maaskofu na kuyapeleka Roma, kisha Roma huteua. Aliyeanguka Minago alikuwa kiungo cha mnyororo mrefu unaoshuka kutoka juu.

Wamethodisti wa nchi hiyohiyo hawana balozi wa namna hiyo. Askofu wao hupatikana kwa kura, na wapiga kura ni watu wanaorudi nyumbani kulima mihogo na kufundisha shule. Basi swali linajileta lenyewe: mamlaka ya kiroho hushuka, au hupanda?

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakimpi mtu jibu la haraka. Mathiya alipata nafasi ya Yuda kwa kura ya bahati, ili Mungu aamue. Kurasa chache mbele, wale saba wa kuhudumia wajane walichaguliwa na waumini wenyewe, mitume wakawawekea mikono. Wamethodisti wamejenga nyumba yao karibu na simulizi hili la pili, ingawa haikuwa nia ya mwanzilishi wao.

John Wesley alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyependa kushika usukani mwenyewe. Lakini mwaka 1742, huko Bristol, waumini walikuwa na deni la jengo, na mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wakagawanywa katika vikundi vya watu kama kumi na wawili, kila kikundi na kiongozi wa kuwapitia majumbani. Viongozi hao walikwenda kutafuta peni, wakakuta ugonjwa, ulevi, ugomvi wa ndoa na njaa. Hivyo mpango wa kulipa deni ukageuka kuwa malezi ya roho, mikononi mwa watu wasio na upadri. Hakuna ngazi ya uongozi wa Kimethodisti iliyo ya maana kuliko hii ya chini kabisa, na ni makosa kuuanza mchoro wake kwa askofu.

Mwaka 1784 Wesley, ambaye hakuwa askofu, alimwekea mikono Thomas Coke na kumtuma Marekani, na akamteua Francis Asbury aongoze naye. Asbury hakuridhika na uteuzi huo peke yake. Alitaka wahubiri wenzake wampigie kura kwanza, nao wakakutana Baltimore mwezi Desemba na kumchagua. Kwa kukataa huko, mkutano ukawekwa juu ya mtu.

Burundi ilipokea desturi hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni Kanisa la Methodisti Huru, lililoletwa na Mkanada John Wesley Haley, aliyefungua misheni Muyebe mwaka 1935. Neno “huru” lina historia yake: kanisa hilo lilianzishwa jimboni New York mwaka 1860 na watu waliochukizwa na utumwa, na pia na desturi ya kukodisha viti vya ibada, tajiri akikaa mbele na maskini akisukumwa nyuma. Katika mikutano yao, walei waliketi na kupiga kura kwa idadi sawa na wachungaji.

Njia ya pili ilipitia Kanisa la Kiaskofu la Kiinjili la Burundi, lililojiunga na Kanisa la Methodisti la Muungano mwaka 1984. Katika kanisa hili askofu huwapanga wachungaji vituoni. Akisema nenda, mchungaji hufunga mizigo. Hata hivyo, katika Mkutano Mkuu, ambao kwa kawaida huketi kila baada ya miaka minne, askofu hana kura. Anaweza kuongoza kikao, lakini sheria hutungwa na wajumbe, nusu wachungaji na nusu walei.

Mpango huu unategemea jambo moja ambalo vita haviliachi salama: watu waweze kukutana. Baada ya 1993 Burundi iliwaka moto. Askofu Alfred Ndoricimpa aliliongoza kanisa hilo la Muungano akiwa uhamishoni Nairobi. Alifariki mwaka 2005, na mwaka uliofuata akachaguliwa Daniel Wandabula wa Uganda kuongoza eneo la Afrika Mashariki. Kanisa hilo nchini Burundi likagawanyika kuhusu uongozi, na upatanisho ukachukua zaidi ya miaka kumi. Mtu anaweza kusema kwamba Roma ingemaliza jambo hilo kwa barua moja. Huenda ni kweli. Lakini barua haifundishi watu kukaa na ndugu waliyemshinda, wala kumtii waliyempigia kura ya hapana, na nchi iliyouana ilihitaji sana kujifunza hilo.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi nchini Kongo, Methodisti Huru wana hospitali yao Nundu, na askofu wao si yule wa Burundi. Familia nyingi za mwambao zimevuka maji haya kwa zamu, wakimbizi wa jana wakiwapokea wakimbizi wa leo. Muumini wa Burundi anayeshuka mashua Baraka anakuta askofu mwingine na lugha nyingine sokoni. Akishapokelewa katika kusanyiko la huko, siku ya kuchagua mjumbe wa mkutano na yeye huhesabiwa.