Wajukuu Zangu, Msiishie Kukariri

Wajukuu zangu, Jumapili iliyopita mlijibu maswali ya kipaimara mbele ya usharika, na hamkukosea hata neno. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu, kwa sababu niliiona sura yangu ya zamani.

Sisi Wamoraviani wa Rungwe, tulioletewa Injili mwaka 1891, tuna kisa chetu ambacho hatuwasimulii vya kutosha. Januari 1736, John Wesley, kasisi Mwingereza, alikuwa baharini akienda Georgia, Marekani, kuhubiri. Dhoruba ikapiga, tanga kuu likachanika, maji yakamwagika ndani ya merikebu. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoraviani wa Kijerumani waliokuwamo walikuwa wanaimba zaburi, nao wakaendelea kuimba. Wesley alikuwa msomi wa Oxford, mtu wa kufunga na kusali, lakini kifo kilimtisha. Bahari ilipotulia akamuuliza mmoja wao kama hata wanawake na watoto hawakuogopa. Akaambiwa hapana.

Walipofika Savannah, kiongozi wao August Spangenberg akamuuliza kama anamjua Yesu Kristo. Kasisi akajibu kwamba anajua ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akamwambia: Ni kweli, lakini je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Wesley akababaika, mwishowe akasema ndiyo, halafu akaandika katika shajara yake kwamba alihofia maneno yale yalikuwa matupu. Ilipita miaka miwili na zaidi, mpaka jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, ndipo alipomtumainia Kristo kwa ajili yake mwenyewe.

Hebu sikilizeni Kiswahili chetu. Kuamini kwamba Mungu yupo ni jambo moja, kumwamini ni jambo jingine kabisa. Mnaweza kuamini kwamba jirani ni mwema na bado msimwachie ufunguo wa nyumba.

Siwaambii mtupe katekisimu. Mimi mwenyewe ningali naisoma. Nawaonya msije mkaishi nayo kama nilivyoishi. Nilikuwa mzee wa kanisa, nikihesabu sadaka na kuombea wafiwa, hadi usiku ule bibi yenu alipoingizwa chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la nje nimeshika kitenge chake, kingali na harufu ya moshi wa jikoni. Nikatafuta sala. Za kuwaombea watu nilikuwa nazo tele. Yangu sikuwa nayo hata moja.

Karibu na alfajiri nikasema, kwa Kinyakyusa, lugha aliyonilelea mama: Baba, naogopa, nishike. Basi. Sikuahidi kitu, sikudai kitu.

Daktari alikuwa bado hajatoka. Nilikikunja kile kitenge, nikakiweka chini ya kichwa, nikapata usingizi.