Fizikia ya Mpemba: Wajibu wa Msomaji Mbele ya Fikra ya Mtu wa Nje

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ni taaluma ya kupokea maneno ya watu wengine. Kabla mhakiki hajafasiri, hajalinganisha wala hajahukumu, hana budi kuamua iwapo maneno yaliyo mbele yake yanastahili kusomwa. Uamuzi huu wa mwanzo hatuuandiki katika makala zetu, wala hatuufundishi darasani. Lakini ndio unaobainisha nani ataingia katika mjadala na nani atabaki nje ya mlango. Makala hii inakusudia kuuchunguza uamuzi huo kama suala la kimaadili. Je, msomaji ana deni gani kwa mtu asiye na cheo wala shahada, anapodai jambo linalopingana na yale yanayokubaliwa na wajuzi?

Mfano tuliouchagua hautoki katika fasihi bali katika fizikia. Katika fasihi ni rahisi mno kulikwepa suala hili kwa kusema kwamba kila mtu ana ladha yake. Dai linalohusu maji halitupi mwanya huo. Mfano wenyewe ni wa Erasto Mpemba wa Tanzania. Tutausoma kwa jicho la mtu aliyezoea mashairi ya Mvita, kwa kuwa tunaamini kwamba mapokeo ya kisiwa hiki cha Mombasa yana neno la kusema kuhusu namna ya kumjibu mtu.

Kisa na wasomaji wake

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa ikigombaniwa. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, akichelea kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo alimweleza kwamba yeye naye huyaweka maziwa yakiwa moto ili yagande upesi, na kwamba alifundishwa hivyo na nduguye. Mpemba alipofika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwalimu mwingine. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, mwalimu na darasa zima walimwambia kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha shule ilitembelewa na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kina maji ya nyuzi 35 na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kwa nini yale ya nyuzi 100 huganda kwanza? Wenziwe walicheka, na baada ya mkutano walimlaumu kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alimtaka arudie swali, akamuuliza iwapo ameyajaribu mwenyewe, kisha akakiri kwamba hajui sababu na akaahidi kulifanyia jaribio dai hilo. Jaribio lilifanywa, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education. Jambo hilo likajulikana duniani kwa jina la athari ya Mpemba.

A-unganifu kama hukumu

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kwanza kujitokeza katika kisa hiki ni kazi ya kile kijineno kidogo, a-unganifu. Katika ‘fizikia ya Mpemba’, umilikaji ni tusi. Mwalimu hakusema kwamba dai ni la uongo kwa sababu hii au ile. Alilitaja kwa jina la mwenyewe, na kwa kufanya hivyo akalifunga ndani ya nafsi ya mtu mmoja. Jambo la ulimwengu halina mwenyewe. La Mpemba ni la Mpemba. Baada ya 1969 a-unganifu ileile ikawa heshima: ‘athari ya Mpemba’, kama tusemavyo ‘kanuni ya Newton’. Sarufi haikubadilika. Kilichobadilika ni cheo cha jina. Ieleweke kwamba hakuna hata kimoja kati ya virai hivi viwili kinachotuambia lolote kuhusu maji.

Tunaisisitiza nukta hii kwa sababu historia ya uhakiki wetu nayo imejaa a-unganifu za aina hiyo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo washairi na wahakiki waliokana kwamba yale ni mashairi. Baadhi yao walitoa hoja: walieleza mizani na vina hufanya kazi gani katika lugha ya Kiswahili, na nini hupotea vikiondolewa. Hao walisoma. Wengine walitosheka kusema kwamba huo ni ‘ushairi wa Kizungu’. Hao hawakusoma, walitaja mmiliki, wakafunga mlango. Mwaka 1988 Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipotoa Chembe cha Moyo yenye mashairi huru ndani yake, ilikuwa vigumu zaidi kuitumia hukumu hiyo, maana sauti ya nje sasa ilitoka ndani ya mji wenyewe wa Muyaka. Hata hivyo, ugumu huo haukutokana na ubora wa mashairi. Ulitokana na anwani ya mshairi, na anwani si hoja.

Kejeli, shangwe na jaribio

Tunaweza kutenga aina tatu za mapokezi katika kisa cha Mpemba. Ya kwanza ni kejeli. Si kila kejeli ni ovu. Katika baraza za Mji wa Kale, dhihaka ni njia ya zamani ya kuyapima madai: msemaji hudhihakiwa, naye hujibu, na wasikilizaji huamua. Lakini barazani anayedhihakiwa ana haki ya kujibu. Darasani mwalimu ndiye mshika alama, na darasa linajua upande upi ni salama kuchekea. Kejeli ya mwenye mamlaka kwa asiye na mamlaka haipimi dai, bali humfundisha mdai kunyamaza. Ubaya wake umo hapo, wala haumo katika ukali wa maneno.

Aina ya pili ni shangwe, nayo hutiliwa shaka mara chache kwa sababu sura yake ni njema. Mpemba amekuwa mfano wa kupendeza: kijana wa Kiafrika aliyewashinda wajuzi. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kutafuta maelezo bora ya athari hiyo, na maelezo zaidi ya 22,000 yakapokewa. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha matokeo ya majaribio yao katika jarida la Scientific Reports, wakasema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kupishana kwa kina cha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta picha ya uongo. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha katika jarida la Nature athari ya namna hiyo kwa kutumia punje ndogo mno iliyodhibitiwa ndani ya maji. Suala la maji na barafu yake bado lina ubishi.

Je, ikiwa Burridge na Linden wamesema kweli, yule mwalimu aliyecheka naye anahesabiwa kuwa alisema kweli? Hapa ndipo ulipo mhimili wa makala hii. Tunadai kwamba la. Kosa la mwalimu halitegemei maji yataamua nini. Angekuwa amekosa hata kama dai lingekuwa la uongo mtupu, kwa kuwa alikataa kutazama kitu ambacho kutazamwa kwake kulihitaji vyombo viwili na jokofu. Vivyo hivyo, sifa ya Osborne haitegemei maji. Angestahili heshima ileile kama jaribio lingeshindwa na akamwandikia Mpemba kumweleza hivyo. Anayeshangilia kwa sababu mdai ni mwenzetu, na anayecheka kwa sababu mdai ni mdogo, wote wawili wamemsoma mtu na kuliacha dai lake.

Aina ya tatu ni jaribio, nayo ina mtego wake. Inasimuliwa katika makala ya 1969 kwamba fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alitoa taarifa kuwa maji ya moto yaliganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka yapatikane matokeo sahihi. Mwalimu yeyote wa fasihi anamjua fundi huyu. Ni yule mwanafunzi wetu wa uzamili anayeingia katika riwaya na nadharia mkononi, na kila ukurasa unaoipinga huusoma tena mpaka ukubali. Kujaribu huku jibu likiwa limekwisha kuamuliwa ni kejeli iliyovaa koti jeupe.

Majibizano kama maadili

Mapokeo ya Mvita yanatupa kipimo bora zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama uliofikia vita, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana tungo, na tungo hizo zilichapishwa pamoja na nyinginezo mwaka 1995 katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, chini ya uhariri wa Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff. Washairi hao hawakuwa wakipendana. Lakini kanuni ya majibizano ilimlazimu kila mmoja kuyasikiliza maneno ya mwenziwe kwa makini kiasi cha kuweza kuyajibu kwa mizani na vina. Aliyeshindwa kujibu kwa ufundi ule ule hakuweza kujisitiri kwa kucheka. Adui wa vitani alipewa heshima ambayo mwanafunzi wa Iringa alinyimwa na mwalimu wake.

Itapingwa kwamba hatuwezi kumjibu kila mtu. Wahariri na wahadhiri hupokea nadharia nyingi zisizo na kichwa wala miguu, na umri ni mfupi. Pingamizi hili ni la haki, lakini linahusu kiasi cha deni. Halilifuti deni lenyewe. Dai la Mpemba lilikuwa na sifa tatu: lilitaja masharti yake waziwazi, mdai alikuwa amelijaribu mwenyewe, na gharama ya kulipima ilikuwa ndogo. Kadiri dai linavyokuwa na sifa hizi, ndivyo wajibu wa msomaji unavyokuwa mkubwa. Dai lisilo na hata moja linatudai adabu tu. Mdai naye ana wajibu: asitake aaminiwe kwa sababu tu amepuuzwa. Wengi waliopuuzwa walikuwa wamekosea.

Ikumbukwe pia kwamba mipaka ya ‘nje’ na ‘ndani’ huchorwa na walio ndani. Aristotle, Bacon na Descartes walikuwa wamekwisha kuandika kuhusu maji yaliyopashwa moto na kuganda kwake. Muuza aiskrimu wa Tanga alilijua jambo hilo kwa mikono yake. Katika nyumba za Mji wa Kale maji yalipozwa kwa mtungi wa udongo kabla ya majokofu kufika: mtungi hutoa jasho, jasho hukauka kwa upepo, na kukauka huko huyapunguzia joto maji yaliyobaki. Mvukizo huohuo ni miongoni mwa sababu zilizopendekezwa kueleza athari ya Mpemba. Fizikia ya ulimwengu, kama alivyoielewa yule mwalimu, haikuwa na maktaba wala mtungi.

Hitimisho

Tumedai kwamba hukumu ya kimaadili juu ya msomaji hutangulia hukumu ya kweli juu ya dai, na kwamba hizi mbili hazipaswi kuchanganywa. Jibu la Osborne lilikuwa na sehemu tatu: umelijaribu mwenyewe? sijui, nitalijaribu. Halimo ndani yake neno la kukubali, wala la kusifu. Mswada wa mtu asiyejulikana utakapofika tena katika idara zetu, kutoka Kibokoni, Kisauni au kwingineko, tusiulize kwanza ni wa nani. Tuulize unadai nini, na kuupima kutatugharimu kiasi gani. Kisha tuujibu, japo kwa kuukataa, kwa sababu ambazo mwandishi wake anaweza kuzisoma na kuzijibu.