Alama Iliyomo Damuni

Je, mzazi ana haki ya kuambiwa kila kinachosomeka katika damu ya mwanawe, hata kile ambacho huenda kisimdhuru maishani? Swali hili si la waganga peke yao. Kabla ya kuposa, wazee wetu huulizia ukoo: mna kifafa humo, mna wazimu, mna ukoma (ambao, kwa kweli, haurithiwi kamwe)? Waulizapo hivyo hutafuta kile kile kitafutwacho na maabara katika tone la damu, yaani dalili ya yajayo.

Mwaka 1963, mjini Malmö, nchini Uswidi, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waligundua watu ambao damu yao ilipungukiwa na protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Protini hiyo hutengenezwa hasa na ini, nayo huyakinga mapafu yasiharibiwe na vimeng'enya vya mwili wenyewe. Lakini iko namna yake moja ya kurithiwa, iliyopewa herufi Z, ambayo hujikunja vibaya na kunasa ndani ya chembe za ini. Basi mapafu hukosa mlinzi, na ini huelemewa na mzigo usiokuwa wake. Aliyerithi Z kwa baba na kwa mama pia aweza kupata manjano uchangani, na baadhi yao ini huota makovu.

Kati ya mwaka 1972 na 1974 Uswidi ilipima watoto wachanga 200,000. Waliokutwa na Z mbili walizidi 120 kwa wachache tu, na kati yao 14 ndio waliopata manjano ya muda mrefu. Wengi walikua bila dalili dhahiri za ugonjwa wa ini. Hata hivyo upimaji ulisimamishwa, kwani habari ile iliwatia wazazi hofu kubwa. Nani atamlaumu mama anayemtazama mtoto mnene, mwenye afya, akaona maiti?

Ajabu ni kwamba watoto hao walipofikia ujana, walioanza kuvuta sigara walikuwa wachache kuliko miongoni mwa wenzao. Na moshi wa sigara ndio adui mkuu wa mapafu ya namna hiyo. Habari iliyowatesa wazazi iliwafaa wana.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa katika kupima. Lilikuwa katika kuacha alama ieleweke kama ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo nasi tunapokosea tunapomkataa binti wa watu kwa sababu ya shangazi yake aliyeugua. Lakini hata tukisema kwa uangalifu wote, bado kuna mmoja ambaye hajaulizwa, naye ndiye mwenye damu. Siku ile alikuwa hata shingo haijakaza.