Je, Urafiki wa Wazazi Hurithiwa?



Katika somo la mirathi tunafundishwa sababu za mtu kurithi, na kubwa kati yake ni nasaba na ndoa. Urafiki haumo. Watu wawili wanaweza kula sahani moja kwa miaka thelathini, lakini mmoja akifa aliyebaki hana fungu lolote, isipokuwa kwa wasia usiozidi theluthi. Kuitana ndugu nako hakubadilishi hukumu, kwani aya ya 5 ya Suratul Ahzab inatuamuru hata watoto wa kulea tuwaite kwa baba zao. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Je, kwa kuuweka urafiki nje ya mirathi, sheria yetu imeuona kuwa kitu kidogo? Na rafiki wa wazazi wako akifa, wewe unabaki na wajibu gani?

Swali hili limenifika nyumbani. Nimezaliwa Namoto, upande wa Msumbiji wa Mto Ruvuma. Ng'ambo yetu ni Kilambo, mkoa wa Mtwara. Kivuko cha pale kilifuata maji. Yalipokupwa, kivuko hakikwenda, na watu walivuka kwa mitumbwi na boti ndogo huku viboko wakiwatazama. Baba yangu na rafiki yake walinunua boti moja ya mashine, nusu kwa nusu, bila karatasi yoyote. Baba alikuwa Mmakwe, mwenzake Mmakonde. Sisi watoto tulimwita Baba Mdogo, naye aliujua mpaka wa jina hilo: dada zangu walipobaleghe aliacha kuingia ndani, akawa anapiga hodi na kukaa barazani.

Baba alipofariki, Baba Mdogo aliendelea kumletea mama nusu ya mapato ya boti kila Alhamisi jioni. Hakuwa walii. Ulimi wake ulikuwa mkali, na abiria aliyejaribu kupunguza nauli aliusikia mpaka anashuka. Lakini nusu yetu haikupungua hata metikali moja. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, alituvusha sisi kwanza, kisha akarudi kutafuta watu wake. Boti ilibaki kwetu. Yeye na familia yake waliishia Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, pamoja na maelfu ya waliokimbia. Mwaka jana alifia huko. Habari tuliipata kwa simu, amekwisha kuzikwa.

Hapa chuoni tulimsalia sala ya ghaibu baada ya Ijumaa. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, anairuhusu kwa hoja ya Mtume (s.a.w.) kumsalia Najashi aliyefia Uhabeshi; Wahanafi na Wamaliki hawaioni hivyo. Baada ya sala mwenzangu mmoja aliniuliza, "Alikuwa nani wako?" Neno "rafiki wa baba" lilionekana dogo mno.

Lakini si dogo. Imam Muslim amepokea kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba alichovaa. Wenzake walistaajabu, wakaona kitu kidogo tu kingemtosha bedui. Akawaeleza kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake. Tuangalie vizuri: aliyepewa punda si rafiki wa Umar. Ni mtoto wa rafiki. Kwa hiyo wajibu haukuishia kwa rafiki mwenyewe. Ulipita kwa watoto wake. Naye Mtume (s.a.w.) alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea marafiki wa Bi Khadija (r.a.), hali mwenyewe amekwisha kufariki.

Wapo watakaosema: urafiki huo sikuuchagua mimi, vipi unifunge? Najibu kwamba hata baba sikumchagua. Tena matunda ya urafiki ule niliyala. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika zile Alhamisi. Anayekubali tunda hawezi kuukana mti. Wengine watasema: Cabo Delgado imejaa mayatima, kwa nini wa huyu watangulie? Kweli, haki ya mayatima ni juu yetu sote. Lakini jambo la wote mara nyingi hukosa mtu wa kulianza. Mayatima hawa wana majina ninayoyajua, na namba ya simu ya mama yao ninayo.

Lipo jambo la hatari zaidi. Kaka yangu mmoja husema boti tunayo sisi, karatasi hakuna, basi tuwatumie wale watoto msaada kila Ramadhani inatosha. Hapa ndipo elimu yetu inapojaribiwa. Nusu ya boti si msaada. Ni mali ya marehemu, na sasa ni ya warithi wake, pamoja na nusu ya mapato tangu 2021. Kukosekana kwa karatasi kunamzuia kadhi asiyejua. Hakutuzuii sisi tunaojua. Ukimlipa mtu deni lake kwa jina la sadaka, umemdhulumu mara mbili: umemnyima haki, na umemtaka akushukuru. Kwanza haki, kisha ihsani. Hesabu ya boti tumeanza kuipiga, na mama ndiye shahidi wetu. Ada ya shule ya mtoto wake wa mwisho ndiyo itakayokuwa wema wetu, na hiyo tusiichanganye na hesabu.

Basi sheria haikuudharau urafiki. Mirathi imegawiwa kwa mafungu kwa sababu mali huleta ugomvi. Urafiki umeachiwa dhamiri, kwa sababu ukilazimishwa unakufa. Likizo hii, ukifika nyumbani, muulize mzazi wako: rafiki zako ni nani, na nani kati yao ana watoto wasio na mtu? Uliza mapema, maana wakiondoka wote wawili, atakayekumbuka ni wewe peke yako.

Allah amrehemu Baba Mdogo, amrehemu baba yangu, na awakutanishe kwenye kivuli Chake. Amin.