Azimisha Chombo Chako

Tulisoma 2 Wafalme 4, habari za mjane mwenye deni, aliyekaribia kunyang'anywa wanawe wawili. Elisha alimtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu. Sisi wahubiri hukimbilia mafuta. Hebu leo tuwaangalie hao majirani. Wangemfungia milango, mafuta yangemiminwa wapi?

Mnakumbuka Machi 2020, korona ilipofunga shule. Masomo yakahamia redio, televisheni na intaneti. Hapa Voi mjini, mtoto ambaye mzazi ana simu nzuri aliendelea. Lakini kuna wenzake kule Kasigau na Sagalla ambao hata redio ilikosa betri. Machi 2021, wote wakakalia KCPE ile ile.

Msiseme hayo yamepita. Leo mwalimu anatuma kazi kwa WhatsApp: tazama video, leta picha. Mama anauza mboga, simu yake ni mulika mwizi. Anaona aibu kusema, basi mtoto anafika shuleni mikono mitupu na kuitwa mvivu.

Nami nimehukumiwa moyoni. Waifai ya kanisa inarusha ibada Jumapili, halafu inalala siku sita! Kwa hiyo kuanzia Jumanne, chumba cha Shule ya Jumapili kitakuwa wazi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Mtoto yeyote aje, hata wa jirani asiyesali nasi. Na wewe mwenye simu ya zamani kwenye kabati, ilete Jumapili, pamoja na chaja yake.